Uzi: Kwenye Eye in the Sky mnamwangalia anayebonyeza kitufe, mimi namwangalia aliyeandika 45

Karani wa Kibaigwa:
Mbukwenyi wakuu. Niko Dodoma mjini, Nkuhungu, umeme umerudi sasa hivi na usingizi umeshakata, kwa hiyo acha niuweke huu uzi niliokaa nao miaka mitatu. Aliyekuja kutafuta orodha ya filamu kumi kali apite tu, hapa iko moja.

Eye in the Sky ya 2015, kaiongoza Gavin Hood, yule wa Afrika Kusini. Wengi mmeiona kwa sababu hadithi iko Nairobi, Eastleigh, ingawa picha walipigia kwao Afrika Kusini na anayeijua Eastleigh anaona. Kwa ambao hawajaiona: kuna nyumba ndani yake magaidi wanavaa mabomu ya kujilipua. Droni iko juu, kombora liko tayari. Nje, ukutani kabisa, kuna binti mdogo anaitwa Alia, kaweka kimeza anauza mikate aliyooka mama yake. Kombora likipigwa, binti huenda akafa. Lisipopigwa, wale wanatoka na watakufa wengi mjini. Filamu karibu nzima watu wa London, Marekani na Nairobi wanapigiana simu.

Kila nikiikuta inajadiliwa, maneno ni yaleyale. Ungebonyeza? Usingebonyeza? Vijana wa UDOM wanaongeza na lile behewa lao la darasa la falsafa, lisilo na breki, upande mmoja watu watano, upande wa pili mtu mmoja. Naomba leo tumwache rubani na kitufe chake.

Kuna sajenti mmoja mle ndani, kaigiza Babou Ceesay. Hana maneno mengi, hana pozi. Kazi yake ni kukadiria madhara: kombora likitua hapa, uwezekano wa yule binti kufa ni asilimia ngapi. Wakubwa wanataka iwe chini ya nusu. Hesabu yake ya kwanza iko juu. Kanali, yule mama Helen Mirren, hamwambii adanganye, hata kidogo. Anamwambia aangalie tena. Alenge upande mwingine wa nyumba. Ahesabu tena. Jamaa anahesabu, anarudi na kitu cha kati ya 45 na 65. Inayopanda kwenda juu ni 45.

Pale ndipo mambo yalipoisha. Mawaziri, wanasheria, jenerali, wote walikuja kukaa mezani chakula kikiwa kimeshaiva. Wao walinawa tu.

Lile jasho la sajenti nalijua. Misimu miwili nilikuwa karani wa mizani kwa tajiri mmoja wa mahindi pale Kibaigwa, jina lake halina kazi hapa. Mkulima analeta magunia, vijana wanapandisha, nasoma, naandika. Tajiri alikuwa na makato ya kilo mbili kwa kila gunia, anaita “gunia na unyevu”. Gunia tupu la sandarusi halifiki hata nusu kilo. Unyevu hatukuwa na kifaa cha kupimia, ni kutia mkono na kung'ata punje. Na mimi sikuwa naandika 100, makato 2, baki 98. Niliandika 98 tu, kana kwamba mizani ndiyo iliyosema. Hakuna aliyewahi kuniambia niibe. Siku ya kwanza tajiri aliniambia hivi: “Karani, andika namba isiyoleta maswali.” Mzee akija na gunia 60 anaacha kilo 120, gunia zima na kisigino chake, na anaondoka ameshukuru, maana jirani walikuwa wanakata tatu.

Filamu niliikuta kwa dada yangu, kwenye flashi ya mpwa wangu, msimu wa pili ukiwa katikati. Ilipofika kwenye 45 nikamwambia arudishe nyuma. Akarudisha. Nikamwambia tena. Akaniuliza, “Anko, hujaelewa wapi?”

Nilichofanya baada ya hapo nitakisema chini. Kwanza nataka kusikia kwenu: ni mhusika gani mdogo wa filamu, asiye nyota, aliyekuonyesha uamuzi unavyofanyika kweli? Nyota tunawajua.

Bwashee wa Majengo:
Naweka kambi. Muuza kahawa pita huku, na kashata.

Mtoto wa Chimwaga:
Mleta mada, hii ni chai au ni kweli?

Karani wa Kibaigwa:
Kama ni chai basi haina sukari, kijana. Kunywa au acha.

Mtoto wa Chimwaga:
Haya mkuu, nakunywa. Ila hoja yako ina shimo. Ukimbebesha sajenti unawapunguzia mzigo waliokaa kwenye viti. Ile filamu kwangu ni ya watu wanaokwepa. Waziri wa mambo ya nje wa Uingereza anatafutwa, yuko Singapore tumbo linamsokota, anaongea na simu akiwa karibu na choo. Wa Marekani yuko Beijing anacheza tenisi ya mezani, anakasirika kwamba wamemsumbua kwa jambo dogo. Kila mtu anasema ngoja tupandishe kwa wa juu. Sajenti akikataa kuandika 45 anatolewa pale, analetwa mwingine ndani ya dakika tano. Mtu asiye na nafasi ya kukataa utamwitaje mwamuzi?

Halafu umetutobolea filamu. Mimi nilishaiona, lakini wapo ambao hawajaiona.

Karani wa Kibaigwa:
Mwisho sijautoboa. Kama binti anapona au haponi, sijasema.

Nesi wa Zamu:
Niko zamu, wodi imetulia kidogo, nachangia haraka haraka.

Yangu ni John Q ya 2002. Rika langu lote hapa Dodoma tuliionea kwenye kibanda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani. Denzel Washington, mtoto wake anahitaji moyo mwingine, bima imegoma, hospitali inataka dola 75,000 za kutanguliza kwenye gharama ya 250,000 ndipo jina la mtoto liingie kwenye orodha. Baba anateka chumba cha dharura. Siku ile kibanda kilitetemeka, watu wanapiga mabenchi. Nililia nikiwa nimesimama kwa kukosa pa kukaa.

Sasa mimi mwenyewe ni nesi na siwezi kuiangalia kama zamani. Neno moja linaniharibia: orodha. Jina likiingia kwenye orodha kwa bunduki, kuna mtoto mwingine anashuka ngazi moja, na baba wa huyo hakuwa na bunduki. Kamera haikwenda kwake. Mhusika mdogo wa kwangu ni huyo ambaye hata hajaigizwa.

Hapa kazini hakuna anayeteka. Kuna mwenye sauti, na kuna mwenye simu ya mkubwa. Na kuna mama katoka Bahi na basi la alfajiri, kakaa mwisho wa benchi na mtoto ana homa, hasemi kitu kwa sababu anaogopa kuonekana msumbufu. Uamuzi wangu ni mkono wangu unaanza kumgusa nani. Utaratibu upo, umeandikwa, umebandikwa ukutani: anayeumwa zaidi kwanza. Lakini nisijifanye mtakatifu. Kuna usiku nimeanza na mwenye sauti ili anyamaze.

Mzee wa Sabasaba:
Dada nesi, John Q ipi hiyo? Ile ya kibanda chetu mtafsiri alisema yule mama msimamizi wa hospitali amekula hela ya bima, kajengea nyumba. Tukamchukia tangu dakika ya kwanza. Kila akitokea kwenye kioo watu wanazomea. Miaka mingi baadaye kijana wangu akaniwekea yenye maandishi chini, nikakaa nasubiri nyumba. Nyumba hakuna! Mama wa watu anafuata taratibu zake tu, roho ngumu kidogo, na mwishoni anaanza kulegea.

Hebu fikirieni. Kibanda kizima tulimhukumu mtu kwa kosa alilotungiwa na kijana mwenye maikrofoni, labda hata Kiingereza chenyewe alikuwa anakikisia. Na alikuwa hodari, msinielewe vibaya, bila yeye nusu ya filamu tusingezimaliza. Lakini tangu siku hiyo mtu akija dukani kunisimulia ubaya wa mwenzake namuuliza: hii umeiona mwenyewe au umetafsiriwa?

Bwashee wa Majengo:
“Umetafsiriwa” 😂 mzee shikamoo. Hiyo naiiba.

Boda wa Chang'ombe:
Mimi si mtu wa kuandika marefu ila leo ngoja.

Mwanangu yuko chuo, aliniletea filamu ya zamani ya Kiitaliano, picha nyeusi na nyeupe, Bicycle Thieves, ya 1948. Nikamwambia hii ya babu yako. Akasema baba kaa. Kuna jamaa hana kazi muda mrefu, anapata ya kubandika mabango mjini Roma, lakini sharti awe na baiskeli. Baiskeli iko rehani. Mkewe anavua mashuka kitandani, anayapeleka rehani ili ikombolewe. Siku ya kwanza kazini inaibwa. Anazunguka mji na mtoto wake mdogo kuitafuta, haipati, mwisho anaiba ya mtu. Anakamatwa palepale, watu wanamzonga, mtoto anaona. Yule anayeigiza baba hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na inaonekana usoni.

Wote wanamwongelea baba. Mimi nilimwangalia mwenye baiskeli. Ana dakika moja tu kwenye filamu nzima. Watu wamemshika mwizi wake, wanataka kumpeleka polisi, wanamuuliza. Anamwona yule mtoto analia kashika kofia ya baba yake. Anasema mwacheni.

Mimi pikipiki yangu iliibwa, ya mkataba, bado miezi minne niimalize. Haikupatikana. Nusu mwaka baadaye kijana akakamatwa na pikipiki ya mwenzetu wa kijiwe kingine. Tulifika tuko kama ishirini. Mnajua kinachofuata, sina haja ya kueleza. Nilikuwa na jiwe mkononi, na yule kijana hakuwa ameiba yangu, ila kwangu siku ile alikuwa ameiba zote. Mwenye pikipiki, mzee mmoja mpole mpole, akasimama mbele yake akasema, “Yangu nimeipata. Mpelekeni kituoni, mkimgusa mimi ndiye shahidi.” Tulimtukana yule mzee. Mimi nilimtukana kwa sauti.

Kijana alipelekwa. Basi, filamu ilipoisha mwanangu alitegemea nitasema nimeipenda. Nilitoka nje nikaanza kuosha pikipiki saa tatu usiku.

Nesi wa Zamu:
Kaka, hao wa kutupwa mawe huwa wanaletwa kwetu. Ahsante kwa mzee huyo, popote alipo.

Mama Zabibu:
Mnataja wanaume watupu. Neria, ya Zimbabwe, ya mwanzoni mwa miaka ya tisini, ile yenye wimbo wa Oliver Mtukudzi. Mume anafariki, shemeji anakuja kuchukua mali, mke anakwenda mahakamani na anashinda. Filamu inamwonyesha shemeji, sawa. Mimi msibani kwangu, Mpwapwa, shemeji alikuwa mmoja. Waliobeba kabati walikuwa wanne. Watatu kati yao bado tunasali pamoja, na kila mmoja akiulizwa anasema, “Mimi niliambiwa nishike upande huu tu.”

Mtoto wa Chimwaga umeuliza asiye na nafasi ya kukataa tumwiteje. Kabati lile lilikuwa la mninga. Wangeacha wawili tu lisingetoka mlangoni.

Mtoto wa Chimwaga:
Pole sana mama. Hapo sina jibu.

Wakili wa Makole:
Naona mmefika nilipotaka. 12 Angry Men, 1957, dakika 96, karibu zote ndani ya chumba kimoja chenye joto. Watu 12 wanaamua kama kijana aliyeshtakiwa kumuua baba yake ana hatia, na lazima wote wakubaliane. Sisi utaratibu huo hatuna. Mahakama Kuu imewahi kukaa na wazee wa baraza, lakini maoni yao hayamfungi jaji. Nasema hili kwa sababu vijana wanaonijia ofisini wamejaa filamu, wanauliza “wale watu wa pembeni watakaa wapi”.

Wote wanamsifu namba 8, Henry Fonda, aliyesimama peke yake. Mimi nampenda namba 7. Huyu ana tiketi za mechi mfukoni. Hana habari na kijana, hana habari na kisu, anataka kuwahi uwanjani. Mwite mtu wa kwetu anayewahi Simba na Yanga. Mwanzoni anasema ana hatia kwa sababu ndiyo njia ya haraka ya kutoka. Mjadala ukigeuka, anageuka naye: hana hatia. Kura yake ya mwisho ndiyo tunayoitaka watazamaji. Na bado anasimama namba 11, mtengeneza saa, mhamiaji, ambaye naye kura yake ni hiyohiyo, anamkaba: kwa nini umebadilisha? Una sababu au umechoka?

Nilipokuwa mwanafunzi niliona namba 11 ni mkorofi, mwenzio kakubali, unamchokonolea nini? Leo nikiona mtu katenda haki kwa uchovu sipumui vizuri, maana kesho akichoka upande mwingine atatenda dhuluma kwa urahisi uleule.

Haya Karani, tumechangia. Ulifanya nini?

Karani wa Kibaigwa:
Nimewasoma wote. Mama Zabibu, kabati lako limenikaa kifuani.

Nilichofanya ni kidogo, msitegemee sinema. Nilinunua kitabu cha risiti chenye kaboni, hela yangu. Kila gunia nikaandika mistari mitatu: mizani imesema ngapi, makato ngapi, kinacholipwa ngapi. Mkulima nampa nakala. Makato sikuyafuta, sikuwa na mamlaka hayo, niliacha kuyaficha tu. Siku ya kwanza waliuliza wakulima wawili. Wengine walikunja wakatia mfukoni, mmoja alisokotea tumbaku mbele yangu. Tajiri alikuja kugundua wiki ya pili. Hakufoka. Alisema, “Karani, siku hizi unaandika sana.” Msimu uliofuata hakunipigia simu. Nasikia kuna kijana, mwepesi wa kalamu.

Mtoto wa Chimwaga:
Nilisema mimi. Umetoka, kaingia mwingine, na kilo mbili ziko palepale.

Karani wa Kibaigwa:
Ziko palepale. Ila mwandiko si wangu.

Nesi wa Zamu:
Kaka yangu, kwa heshima zote, hiyo ni kunawa mikono. Mkulima amefaidika nini na mwandiko wako kutokuwepo?

Karani wa Kibaigwa:
Swali zuri dada. Sina jibu zuri.

Wakili wa Makole:
Kuna Wakala wa Vipimo, kuna Sheria ya Vipimo Sura ya 340. Ile mizani ilikuwa imehakikiwa? Ilikuwa na stika?

Karani wa Kibaigwa:
Ilikuwa nayo. Walikuja, wakakagua, wakabandika, na walikuwa sahihi. Ile mizani haikudanganya hata siku moja, wakili. Ilikuwa inasema 100. Mdanganyifu alikaa pembeni yake na kalamu.

Mkulima wa Mlali:
Nimewasoma kimya tangu mwanzo, acha na mimi wa upande wa pili wa mizani niseme.

Kwanza msitufanye malaika. Nimeona wenzangu wakimwagia mahindi maji usiku ili asubuhi yavute. Nimeona mchanga. Tajiri naye akija na makato yake anajua anakutana na nani. Na kabla ya mizani tuliuza lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu hadi linaonekana bibi harusi, unalipwa gunia moja umetoa moja na robo. Mizani ilikuja ituondoe huko, kumbe mwizi kahama tu kutoka kwenye kilemba kuja kwenye kalamu.

Pili, karatasi za namna hiyo nilipewa Kibaigwa na karani mmoja mwembamba. Sijui kama ni wewe. Mimi nilizitupa kwenye debe. Mke wangu ndiye aliyezitoa akazijumlisha: gunia 42, kilo 84. Akaniuliza, “Hizi 84 ulimpa nani zawadi?” Nyumba ilichafuka. Mwaka uliofuata tukajikusanya kaya sita, tukaazima mizani, tukapima nyumbani kwanza, tukaenda na karatasi zetu. Mnunuzi kabisha, tumebishana tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mwisho akakata kilo moja. Tulitaka asikate kabisa, tumepata nusu ya tulichotaka, na kaya mbili zimeshajitoa kwa sababu wanasema usumbufu ni mwingi kuliko hiyo kilo.

Nesi wa Zamu:
Basi nafuta nusu ya nilichosema. Nusu nyingine naiacha. Naitwa wodini.

Bwashee wa Majengo:
Mkuu Karani, nimekaa kimya nahesabu. Kitabu cha kaboni umekianza katikati ya msimu wa pili. Msimu wa kwanza wote je? Na nusu ile ya mwanzo wa pili?

Karani wa Kibaigwa:
Nilijua mtu atauliza. Daftari ninalo. Niliondoka nalo, lile la kwangu la kunakili, lina majina na vijiji. Gunia 3,118. Mara mbili zidisha mwenyewe.

Bwashee wa Majengo:
6,236. Kilo.

Mtoto wa Chimwaga:
Tani sita na ushee. Unalifanyia nini hilo daftari mkuu? Hela hukula wewe.

Karani wa Kibaigwa:
Mshahara nilikula. Sijajua nalifanyia nini. Umeme ukikatika huwa nalifungua kwa tochi ya simu.

Mkulima wa Mlali:
Baba yangu aliuza kwenu msimu wa kwanza, kabla miguu haijamkataa. Alisema mwaka ule magunia yake yalikuwa mepesi, akadhani ni mbegu, akabadilisha mbegu. Nimekutumia jina lake PM. Angalia.

Karani wa Kibaigwa:
Nimeliona. Ukurasa wa nne. Gunia 17.